Nilienda kuota joto la bure London nikadhani nimeingia msibani, nikawapa pole wazee wazima na afya zao

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni wa kusoma nyuzi za wenzangu na kucheka peke yangu. Huu ni wa kwanza kuandika. Nimeuanza Jumatatu na leo ni Ijumaa, maana mkono wangu kwenye kuandika unatembea kama mtu aliyekatikiwa ndala njiani. Niliishia darasa la saba, mkiona kosa mlisamehe tu.

Ninayoyasema yamenitokea mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha, na library yenyewe siitaji, kwa sababu bado naenda pale na chai yao bado naihitaji.

Naishi Barking, huku mashariki mwa London, na mama yangu mzazi. Mama ni carer, anazunguka kuhudumia wazee majumbani kwao. Alitangulia huku nikiwa mdogo, mimi nikabaki Korogwe kwa bibi. Mwaka jana akanivuta, kabla sijatimiza miaka kumi na minane. Nafasi ya darasa la Kiingereza niliambiwa nisubiri hadi baada ya Christmas, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa wa kukaa ndani.

Jambo lingine mnatakiwa mlijue mapema. Mimi nina aibu.

Siyo aibu ya kawaida. Muuzaji wa dukani akiniuliza kitu nisichoelewa, naitikia yes ili tuachane. Ndiyo maana nyumbani tuna dawa ya kuoshea mazulia na zulia hatuna.

Sasa tuje kwenye baridi.

Nyumba yetu ina mita ya kulipia kwanza, kama luku ya nyumbani. Heating, yaani mfumo wa kupasha nyumba joto, ikiwashwa inakula hela kama harusi. Mama akaweka sheria moja: haiwashwi mpaka yeye arudi kazini. Na alikuwa na namna yake ya kukagua. Akiingia, kabla hata ya kuvua viatu, anaenda kwenye radiator, lile bati la ukutani linalotoa joto, na kuigusa kwa nyuma ya kiganja, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

Siku moja nilizidiwa. Nikawasha nusu saa. Halafu nikazima, nikafungua madirisha yote, nikaifunika radiator kwa taulo bichi ili ipoe haraka. Nikajiona fundi.

Mama akarudi. Akagusa.

"Baba," akaniita, maana akitaka kunisema huniita baba, "huyu mgonjwa ameshindaje leo?"

"Salama, mama."

"Mbona ana homa? Na hili taulo la kichwani kamwekea daktari gani?"

Kesho yake asubuhi, huku anahangaika na zipu ya koti, akaniambia: "Nyuma ya library kuna chumba, wazee wanakaa humo mchana kutwa. Kuna joto na chai. Nenda ukakae nao. Na ukifika usalimie watu, usiingie kama paka." Basi lake likawa linakuja, akatoka mbio.

Hayo tu. Hakuongeza neno.

Kumbe maisha yalivyopanda huku, council nyingi, yaani halmashauri za huku, zimefungua vyumba vya namna hiyo kwenye library na kumbi zao. Mtu ambaye hawezi kuwasha heating kwake mchana anakwenda kukaa pale, bure. Leo najua. Siku ile sikujua. Kwetu Korogwe mtu akikwambia serikali inagawa joto, utamuuliza na jua wamemkodishia nani.

Sasa naombeni mnihukumu kwa haki. Nitawaeleza nilichokikuta mlangoni, halafu mseme wenyewe mngedhani nini.

Viti vimepangwa kuzunguka ukuta. Kwenye viti wamekaa wazee kama kumi hivi, wamevaa makoti meusi, hakuna anayeongea na mwenzake. Bibi mmoja anafuta machozi. Kwenye kona kuna birika kubwa la chai na vikombe vimepangwa safu. Kwenye meza kuna ua, na kando ya ua kuna picha ya mzee mmoja wa Kizungu ndani ya fremu. Na hapo mlangoni, kwenye kimeza kidogo, kuna daftari na kalamu kwa ajili ya kuandika majina.

Wakuu. Hapo mngedhani nini?

Nikasema mama huyu, ananituma msibani bila kuniambia kafa nani, na mimi nimevaa jaketi la njano.

Kurudi nikashindwa. Kwetu ukishaonekana mlangoni pa msiba hugeuki. Nikaandika jina langu daftarini, na pale penye nafasi ya maoni nikaandika kwa herufi zangu za polepole: Pole kwa msiba.

Kisha nikakumbuka kauli ya mama. Usalimie watu, usiingie kama paka.

Kwa bahati, maneno ya pole ya Kiingereza nilikuwa nayo. Mama akifiwa na mzee wake wa kazini, huwa anapiga simu kwa familia na kusema "Sorry for your loss", neno kwa neno ni pole kwa ulichopoteza. Nilikuwa nimeyasikia mpaka nimeyashika. Nikaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa, mkono kwa mkono.

Wa kwanza alikuwa babu mwenye kofia ya sufu, ameshika gazeti. Huyu nitamwita Len, zamani alikuwa dereva wa mabasi. Nikampa mkono, nikainamisha kichwa.

"Sorry for your loss."

Akaniangalia. Akaangalia mkono wangu. Akaangalia tena usoni.

"Which one?" akaniuliza.

Yaani anataka kujua namaanisha msiba upi. Mimi nikaona huyu mzee kafiwa na watu wengi, masikini.

"All," nikamjibu, yaani yote.

Halafu akaukamata mkono wangu na kuutikisa kwa nguvu, akasema thank you, son.

Wa pili ndiye yule bibi mwenye machozi. Jina lake liwe Maureen. Baadaye nilikuja kujua kwamba macho yake yana ugomvi na upepo wa barabarani, kila akiingia ndani yanatoka maji. Lakini nilipomwambia maneno yale aliganda. Akanishika kwa mikono yote miwili. Maji yakawa machozi ya kweli.

Akaongea mengi, nikaokota maneno machache. Nililolielewa ni hili: mume wake anaitwa Ron, amekufa tangu spring, miezi ya maua kuchanua, na hakuna aliyekuja.

Nikajisemea, basi, mfiwa ndiye huyu. Na marehemu ndiye yule wa kwenye fremu. Nikaenda mpaka mezani, nikasimama mbele ya picha, nikainama.

Chumba kizima kikaniangalia. Mimi nikaona wanathamini heshima.

Nikamaliza mzunguko. Kilichofuata ni cha kawaida kabisa kwetu. Kijana msibani hakai. Kijana akikaa msibani, habari zake zinafika nyumbani kabla yake. Nikavua jaketi, nikakunja mikono ya shati, nikaanza kugawa chai kwa kuangalia umri, mkubwa kwanza. Nikaokota vikombe vichafu, nikaviosha. Kiti kilichokuwa kinayumba nikakikunjia karatasi chini ya mguu.

Hapo ndipo akatokea Denise, mama wa makamo anayefanya kazi pale library. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, ananitazama ninavyofuta meza. Uso ukamng'aa. Akaniuliza swali refu lenye neno council na neno volunteer ndani yake.

Sikuelewa. Kwa hiyo mnajua nilichojibu.

"Yes."

Akaenda akarudi na ile kamba ya shingoni yenye kadi, imeandikwa VOLUNTEER, yaani mtu wa kujitolea; kumbe alikuwa ameniuliza kama council ndiyo imenituma. Akanivika mwenyewe, kama anavyovikwa mshindi wa mbio.

Yaani wakuu, nilikuwa nimetembeza maombi ya kazi Barking nzima, hata ya kufagia kwa kinyozi, hakuna aliyenijibu. Hapa saa moja tu nimeshapewa kitambulisho, tena cha msiba wa mtu nisiyemjua.

Nikaona niulize utaratibu. Pale kwenye kona alikuwepo bibi mmoja wa Kihindi, amejitanda shali, anajaza mafumbo ya gazeti kwa kalamu ya wino. Yeye nilipompa pole alinitazama kwa jicho la pembeni tu. Nikainama karibu yake, nikajikakamua kwa Kiingereza changu: funeral, what day?

Akaweka kalamu chini.

"Wewe mtu wa wapi?" akaniuliza. Kwa Kiswahili. Safi.

Nusura nimwage chai. "Korogwe, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi mtoto wa Tanga, Barabara ya Tisa. Sasa nambie, mazishi ya nani?"

Nikamwonyesha picha kwa kidevu.

Bibi Jyoti, jina la kubadilisha, alianza kucheka bila sauti. Mabega yanaruka. Shali ikadondoka. Kalamu ikadondoka. Akachomoa leso.

"Kijana, yule ni bwana aliyefungua jengo hili, mimi sijaja hata Uingereza. Hapa hakuna maiti. Hapa watu wanaota joto."

Jamani.

Mnajua ile aibu inayoanzia unyayoni? Nikashika kamba ya shingoni nianze kuivua. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: nitoke, nisirudi, hata mtaa huo nisipite tena.

Bibi Jyoti akanishika shati. "Ukitoka unakwenda wapi? Nyumbani kuna joto?"

"Hakuna."

"Basi tulia. Tena usimwambie mtu. Muone Maureen."

Nikageuka. Maureen alikuwa anavua koti. Bibi Jyoti akasema anakuja pale tangu chumba kifunguliwe na hajawahi kulivua hata siku moja, hukaa nalo kama mtu anayesubiri treni. Sasa alikuwa amelitundika kwenye kiti na anamwonyesha mwenzake picha za Ron kwenye simu.

"Miezi yote hiyo anangoja mtu aseme maneno mawili," akasema Bibi Jyoti. "Umekuja wewe, mjinga wa Korogwe, umesema. Sasa nenda kaoshe vikombe."

Nikaenda nikaosha vikombe.

Siku zilizofuata ikawa ndiyo kazi yangu. Mama alifurahi, alidhani nimekaa tu na watu. Mambo ya kadi na maiti sikumwambia.

Na wale wazee walibadilika. Wakaanza kuongea, kila mmoja akitafuta njia ya kunirudisha kwenye zile pole. Len ndiye alikuwa mkorofi kuliko wote. Ananisubiri niingie, anakunja uso wa huzuni, ananyoosha mkono.

"Leo ni nini, Len?"

"Nywele zangu."

"Sorry for your loss."

Kesho yake ni goti la kushoto. Siku nyingine ni timu yake ya mpira, imefungwa mbili bila. Siku hiyo nilimpa pole mara mbili. Kiingereza changu kilianza kutembea pale, kwa kuuliza watu wamepoteza nini.

Sasa tufike palipo na shida.

Jumatatu moja Denise alikuja na sura imeanguka. Akasema Alhamisi bwana wa council anakuja kukagua. Daftari la pale mlangoni linaonyesha watu watatu au wanne kwa siku. Wakiona hivyo watakifunga chumba, watu waambiwe waende kingine, ambacho kipo mbali, basi mbili.

Maureen mguu mmoja unamsumbua, hawezi basi mbili. Mimi nitarudi kwenye blanketi na sheria za mama.

Nikashangaa, watatu vipi? Mimi nagawa vikombe ishirini kila siku. Nikaenda kuangalia daftari. Nimo mimi, yumo Bibi Jyoti, yumo Maureen, na kuna mtu amechora ua bila kuandika jina.

Nikamuuliza Len kwa nini haandiki.

"Mimi sina shida ya joto," akasema. "Nimepita tu kusoma gazeti."

Amepita tu tangu Novemba. Na gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita.

Nikauliza wa pili, naye kapita tu. Wa tatu anasubiri mvua ikatike, na nje hapakuwa na mvua. Bibi Jyoti akanieleza kwa Kiswahili: hawa wamefanya kazi maisha yao yote. Kuandika jina kwenye daftari lile ni sawa na kuandika kwamba nyumba imewashinda. Bora wafe na baridi.

Jioni nikamweleza mama yote. Na kadi nikamtolea. Na ile habari ya kudhani ni msiba nikaisema, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kuibeba.

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akauliza, "Na huyo Maureen, mume kafa kweli?"

"Kafa kweli. Tangu spring. Anasema hakuna aliyekuja."

Kicheko kikakatika. "Hakukaliwa matanga?"

"Watu walikuja siku ya kuzika, wakala sandwich, wakaondoka."

"Basi msiba huo haujaanuliwa. Uko wazi mpaka leo." Akainuka, akaanza kufungua makabati. "Mimi wazee wa huku nawajua, baba. Unamkuta kavaa koti na glavu ndani ya nyumba yake, ukimuuliza anakwambia I'm fine, love. Kumpa hapokei. Lakini mwambie mwenzake ana shida, utamwona anavaa viatu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifungua kichwa. Kwetu hakuna anayeona haya kuandikwa msibani. Haya ni kutoandikwa. Unaandikwa ili mfiwa ajue ulikuja.

Kesho yake nikamwambia Bibi Jyoti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe shule yako iliishia darasa la saba, ujanja ukaendelea."

Tukaenda kwa Maureen kwanza. Bila yeye kukubali hakuna kitu. Bibi Jyoti akamweleza: kwetu mtu akifiwa, majirani wanakuja kukaa naye tu. Hawasemi mengi. Wanakula, wanakaa, wanaandika majina. Tungependa kufanya hivyo Alhamisi kwa ajili ya Ron.

Maureen alifikiri. "Ron angechukia," akasema. "Alikuwa hapendi kabisa kusumbua watu." Akakoroga chai. "Nitaleta picha yake kubwa."

Denise akatoa karatasi zile zile za council za kusaini, ila juu yake Bibi Jyoti akabandika kichwa kwa mwandiko wake wa mapambo: TUMEKUJA KUKAA NA MAUREEN, KWA AJILI YA RON. Kwa Kiingereza, bila shaka. Safu za jina na saa zikabaki kama zilivyo. Hatukuongeza mtu, hatukudanganya hesabu. Aliyekuwepo ndiye aliyesaini.

Alhamisi ikafika.

Len aliingia wa kwanza, amevaa tai. Sijawahi kumwona na tai. Akasoma kile kichwa, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, na la katikati, na la ukoo, kubwa, likaingia mpaka mstari wa chini. Yule wa kusubiri mvua akasaini. Aliyekuwa anachora ua akasaini, kumbe ni bibi mmoja mpole anaitwa Pat, na ua akaliweka pembeni. Mzee mmoja akaandika jina lake na la mke wake aliyekuwa nyumbani anaumwa mafua. Denise akamwambia asubiri mke apone, lile jina likakatwa.

Picha ya bwana wa jengo tukaihamishia dirishani. Mezani akakaa Ron, amevaa kaptula, ameshika samaki mkubwa, anacheka.

Saa tano wakatokea wanawake, mama akiwa mbele.

Mama alikuwa ameweka ujumbe kwenye group lao la WhatsApp. Kuna wa Barking, kuna wawili Wakenya wa kazini kwake, kuna dada mmoja ametoka Harrow na treni akiwa na sufuria mapajani. Walikuwa kumi na wawili. Wamejifunga kanga juu ya makoti. Wakaingia mmoja mmoja, wakaandika majina, wakampitia Maureen kwa mkono, pole mama, pole sana, pole dada. Kisha wakakaa, wengine chini kabisa kwenye zulia, na chumba kikajaa harufu ya pilau.

Nilikuwa nimemuuliza mama asubuhi, chakula cha msiba si wali maharage? Akanijibu: "Arobaini yake imepita zamani. Ni pilau."

Bwana wa council alifika saa sita kasoro. Kijana tu, koti jembamba, tablet mkononi. Akasimama mlangoni haelewi. Mama akawahi.

"Karibu. Pole sana. Vua koti ukae."

Akasema samahani, yeye ametoka council.

"Kila mtu ametoka mahali, baba. Kaa kwanza, ule."

Hilo alilisema kwa Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, lakini mkono wake begani kwa mtu hauhitaji mkalimani. Kijana akakaa. Akafungua tablet. Sahani ikatua juu yake. Akaihamisha sahani, akafungua tena, kikombe cha chai ya tangawizi kikafika. Kila akinyoosha kidole abonyeze, kinakuta vitumbua.

Akamgeukia Len, akamuuliza kama yeye ni mtumiaji wa warm space, yaani chumba hiki cha joto.

Len akajinyoosha. "Hapana. Mimi nimekuja kwa ajili ya Ron."

"Mlifahamiana naye siku nyingi?"

"Sijawahi kumwona."

Bibi Jyoti akaziba mdomo kwa shali.

Nilikuwa bado sijampa mkono yule kijana, na kwetu hilo ni kosa. Nikaenda, aibu yangu nimeikaba kooni, nikamwambia maneno yangu yale yale. "Sorry for your loss."

Akaniangalia. Uma ukabaki hewani.

"Nani amekwambia?"

Hakuna aliyeniambia kitu. Kumbe bibi yake alikuwa amefariki wiki mbili nyuma. Ndiye aliyemlea, kama mimi na wa kwangu. Alizika asubuhi, mchana akarudi kazini kukagua vyumba. Alikuwa anaeleza huku anaangalia pilau. Maureen akasogeza kiti, akakaa naye, na tablet ikajizima yenyewe kwa kukosa wa kuigusa.

"Umempata," Bibi Jyoti akaninong'oneza nikipita na birika. Lakini hata yeye macho yalikuwa mekundu.

Kijana alikaa masaa mawili. Kabla hajaondoka akahesabu sahihi. Zilikuwa thelathini na tisa. Akaichukua kalamu, akaandika lake, zikawa arobaini. Sikupanga mimi, wala hakujua maana ya arobaini, lakini mama alipiga kigelegele cha chini chini.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Denise alitusomea kwenye kompyuta yake. Chumba kinabaki wazi baridi yote. Na hata majira ya joto yakija, kila Alhamisi kitaendelea, maana kwenye orodha ya council sasa kimeandikwa ni mahali pa wafiwa kukaa na watu. Denise alisoma kwa sauti kavu, Len akapiga meza.

Wote walikuwa wanashangilia, mimi naangalia kadi yangu ya shingoni. Nikaona nikikaa na uongo huu utaota mizizi. Nikamfuata Denise jikoni, nikavua kamba ya shingoni, nikaiweka juu ya sinki.

Nikamwambia kwa Kiingereza, nadhani ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyapanga: sikutumwa na council. Nilikuja kuota joto. Nilidhani kuna mtu kafa.

Denise akaendelea kufuta sahani. Kisha akaenda kulileta daftari la zamani, akafungua ukurasa wa siku yangu ya kwanza. Pale kwenye maoni, chini ya Pole kwa msiba, palikuwa na maneno madogo ya penseli. Ni mwandiko wake. Alikuwa ameitafsiri pole yangu kwa simu siku ile ile, akaiandika hapo kwa Kiingereza.

"Nimeomba volunteer council miaka miwili, hawajanitumia hata mmoja," akasema. "Akaja mtu kuhudumia maiti ambaye hayupo. Nikasema huyu nikimpa walio hai atafanya maajabu. Vaa kadi yako, kuna vikombe."

Ndiyo hayo, wakuu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anaweza kuona haya kupokea joto, lakini haoni haya kwenda kumpa mwenzake. Ukitaka aingie ndani, usimwambie njoo usaidiwe. Mwambie kuna mtu humu anakuhitaji. Na mara nyingi utakuwa unasema kweli.

Mama bado anapima radiator kwa nyuma ya kiganja. Sheria haijabadilika. Len kaja leo na uso wa msiba, kapoteza glavu ya kulia. Ya kushoto aliipoteza Jumanne. Pole nimempa.

Sasa nyinyi mlioko London na miji mingine ya huku, mnajificha wapi na baridi hii? Na kuna aliyewahi kutoa pole pasipo na msiba, au ni mimi tu? Semeni, mimi nitajibu polepole kama mnavyonijua.

Na kama utapita pale kwetu Alhamisi, usipate shida ya kujieleza mlangoni. Chukua kalamu, andika jina lako lote. Umekuja kwa ajili ya Ron.